Usimwambie Panya Pole

Ukitaka kuheshimiwa Dar es Salaam, zaliwa panya mweupe. Simsemi panya buku wa mitaroni kule Kiwalani. Huyo ana shida zake kama sisi wengine. Namsema yule mweupe mwenye macho mekundu, mkazi wa Mikocheni, anayelala kwenye chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa hata sikukuu. Anjelina alitunza panya wa aina hiyo mia moja na ishirini, na katika miaka minne hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamikia joto la mji huu.

Kazi yake ilikuwa kuwaumiza. Aliwahi kuisema hivyo mara moja tu, kwenye jumuiya ya kanisani, siku walipokuwa wakiulizana kazi zao, na kwa namna wale mama walivyomtazama, tangu siku hiyo akawa anajibu kwamba anafanya "mambo ya maabara". Lakini kazi ndiyo hiyo. Panya walipewa ugonjwa wa sukari kwa sindano, maana hawakujaliwa kama wanadamu kuupata bure. Sukari ilipokwisha kuila mishipa ya fahamu ya miguu yao, Anjelina aliwapandisha mmoja mmoja juu ya bamba la chuma lenye moto wa nyuzi hamsini na mbili, akabonyeza saa, akangoja. Panya akiinua mguu wa nyuma na kuulamba, saa inasimamishwa. Sekunde saba nukta nne. Sekunde tisa nukta moja. Nusu yao walikuwa wamepewa dawa mpya ya maumivu, nusu wamepewa maji, na kila mmoja alikuwa na waya mwembamba uliotoka kwenye fuvu kwenda kwenye kompyuta, ili ijulikane ni upande gani wa ubongo umeshtuka.

Mkuu wa maabara, Profesa Edgar, aliupenda ule waya kuliko panya na, kwa maneno ya watu, kuliko mkewe. "Mguu hauumwi," aliwaambia wageni. "Mguu unapeleka habari tu. Habari inapanda uti wa mgongo mpaka kichwani, na huko kichwani ndiko aliko wa kuumia." Wageni waliandika maneno hayo kwenye madaftari yao na kuuliza choo kiko wapi.

Na kulikuwa na sheria. Panya hakai kwenye bamba zaidi ya sekunde thelathini. Alambe asilambe, alie asilie, sekunde ya thelathini anatolewa. Sheria hiyo ilitungwa na Kamati ya Maadili ya Wanyama, watu saba wenye shahada, na ilibandikwa ukutani kwa lugha mbili, ingawa panya hawasomi hata moja.

Kando yake kulikuwa na tangazo jingine, la lugha moja, na hilo lilibandikwa kwa ajili ya Anjelina peke yake. Miezi yake ya kwanza aliuharibu utafiti, na aliuharibu kwa adabu njema. Alikuwa amelelewa na Mzee Gregori, na mtoto wa Mzee Gregori hawezi kumwona kiumbe anakwenda kuumia halafu akanyamaza. Kwa hiyo kila alipomshusha panya kwenye bamba alimwambia, "Pole, eeh." Mwezi wa pili kompyuta ikaanza kuonyesha maajabu. Ubongo wa panya ulikuwa unashtuka kabla miguu haijagusa chuma, na wengine waliinua miguu wakiwa bado hewani, mkononi mwake. Profesa Edgar alianza kutembea kwa hatua ndefu koridoni, akiamini amegundua jambo ambalo dunia itamkumbukia. Siku ya tatu akaja kusimama nyuma ya Anjelina, akasikia.

"Unawaambiaje?"

"Nawapa pole, Profesa."

"Kabla au baada?"

"Kabla. Ukimpa baada inakuwa kama ulikusudia."

Profesa alivua miwani akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Panya wote wa maabara walikuwa wamejifunza Kiswahili. Walijua neno moja tu, lakini walilielewa kuliko wengi wanaolisema misibani. Takwimu za miezi miwili zikatupwa, na ukutani ukabandikwa ule waraka wenye mhuri: USIMWAMBIE PANYA POLE. Tangu hapo Anjelina aliumiza kwa ukimya, na takwimu zake zikawa nzuri sana.

Sasa huyo Mzee Gregori. Alikuwa mchonga vinyago. Alitoka Newala akiwa kijana na patasi mbili kwenye kifuko, akachonga mpingo pale Mwenge miaka thelathini na mitano. Mkewe alipofariki, Anjelina alimchukua akaishi naye Kiwalani, akawa anachongea barazani huku ndege zikiteremka karibu kabisa na mabati. Alikuwa na sukari mwaka wa sita. Jandoni alifundishwa kwamba mwanaume hatoi sauti, na kwa bahati mbaya mzee alikuwa mwanafunzi mzuri.

Tangu Pasaka alikuwa akichonga miguu ikiwa ndani ya beseni la maji. "Joto la kwenu hili," alisema, kana kwamba yeye amefika Dar juzi. Na tangu Pasaka hiyohiyo vinyago vyake vilianza kuishia magotini. Watu wa kila namna, wazee wenye bakora, mama wenye mitungi, wote walikatika magotini wakaingia kwenye gogo. Mnunuzi mmoja kutoka nje alimwambia dalali kwamba mzee ameingia kipindi kipya cha sanaa. Hakukosea sana.

Kila mwezi mzee alikwenda kliniki ya sukari huko Temeke, alikwenda peke yake, na alirudi na jibu lilelile: "Daktari kasema niko vizuri." Anjelina alifurahi. Mtu mzima ana shahada ya maabara, anapima maumivu kwa nukta ya sekunde, na analetewa habari za baba yake na baba yake mwenyewe, anafurahi. Elimu ina mipaka, na yake ilikuwa inaishia Mikocheni.

Jumamosi moja asubuhi mzee alikuwa amesimama mbele ya kioo barazani, ananyoa ndevu na kuyabakiza masharubu, ambayo aliyatunza kama watu wanavyotunza hati ya kiwanja. Anjelina alitokea mlangoni na kikombe cha chai. Akamwona baba anainua mguu wa kulia, anautikisa kidogo, anaushusha. Kisha wa kushoto. Kisha wa kulia tena. Kidole gumba cha Anjelina chenyewe, bila kuombwa, kikabonyeza mkono wa kikombe, na kichwa chake kikahesabu. Sekunde sita. Panya wa maji, wasiopewa dawa, walikuwa na wastani wa sekunde saba.

Chai ilimwagikia kwenye khanga.

"Baba, miguu inakuuma?"

"Nani kasema? Mie mzima."

"Unaiinuainua."

"Nanyoosha magoti. Uzee huu, mwanangu." Akatabasamu kwenye kioo, wembe ukiwa shavuni.

Lakini Anjelina hakulitazama tabasamu. Kazini kuna fomu ya uso, kwa sababu panya hawezi kuulizwa. Unatazama macho kama yamefinywa, pua na mashavu kama vimejikunja, masikio yamelala vipi, masharubu yamesimama vipi. Kila kimoja unakipa sifuri, moja au mbili. Fomu hiyo haimsalimii panya wala haimwulizi watoto hawajambo. Inamtazama tu, na kwa kumtazama tu inajua. Alimtazama baba yake hivyo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Alijisikia mwizi aliyekamatwa na mali ya ndugu yake.

Jumatatu alichukua fomu tupu akaiweka kwenye mkoba. Siku kumi alimpima mzee, asubuhi akinyoa au akivaa viatu, jioni akinyanyuka kutoka kwenye beseni. Macho: mbili. Pua na mashavu: mbili. Masharubu: mbili. Kwenye masikio aliandika "haihusiki", maana yeye ni mtaalamu na hataki kudanganya takwimu.

Wiki hiyohiyo panya Namba Kumi na Tisa alipata kidonda unyayoni. Kamati ya Maadili iliitishwa kwa dharura, watu saba, sambusa na soda, na Profesa Edgar akasoma taarifa ya kurasa nne kuhusu hali ya mguu wa mhusika. Kwa kauli moja waliamua kwamba Namba Kumi na Tisa anapata maumivu yasiyo ya lazima. Akatolewa kwenye jaribio siku hiyohiyo, akapewa dawa na kitanda cha pumba laini. Anjelina ndiye aliyeandika muhtasari. Alipofika kwenye maneno "yasiyo ya lazima" kalamu ilisimama, akawaza ni kamati gani iliyokaa ikaona ya baba yake ni ya lazima.

Alimfuata Profesa ofisini. "Hii dawa yetu, Profesa. Kwa binadamu bado sana?"

"Miaka minane, ikienda vizuri. Ikitoka kwa panya inakwenda kwa mbwa."

"Halafu watu?"

"Halafu kamati," alisema Profesa. "Halafu watu."

Basi. Kilichobaki ni kliniki ya Jumatano, na Jumatano hiyo ilikuwa na meno. Daktari alikuwa amemwahidi mzee kwamba akiendelea hivi vizuri atamwondolea usumbufu wa kuja kila mwezi, awe anakuja baada ya miezi sita. Mzee alilitangaza hilo mtaani kama mtu aliyepandishwa cheo. Anjelina aliwajua wagonjwa wa sukari walioachwa miezi sita na miguu yao. Mmoja aliuza mkaa nyumba ya tatu kutoka kwao, na sasa aliuuza akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Akaomba ruhusa kazini, akamwambia baba yake kwamba anamsindikiza.

"Kunisindikiza wapi? Kwani mie mgonjwa?"

"Unaenda hospitali, baba."

"Naenda kuonana na daktari," alisema mzee, na kwake hayo yalikuwa mambo mawili.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu sisi, na wa kukasirika akasirike. Mtu wetu akianguka kutoka juu ya mnazi, ukamwuliza habari, atakwambia nzuri, kisha ndipo aulizie mguu wake umeangukia upande gani. Nzuri kwanza, shida baadaye. Ni adabu, sina ugomvi nayo, mtu hatwishi mwenzake mzigo kabla hajamkaribisha kukaa. Ila kuna watu ambao hiyo baadaye haiwafikii, na kuna madaktari wenye foleni ya watu sabini ambao hawawezi kuingoja.

Daktari Kamugisha alikuwa kijana mstaarabu, ametoka kwao Bukoba na heshima zake zote. Mzee Gregori alipoingia alisimama nusu kwenye kiti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri tu. Tunamshukuru Mungu."

"Miguu?"

"Miguu nayo inashukuru."

Daktari alicheka, mzee akacheka, kalamu ikaandika. Anjelina, aliyekaa kwenye kiti cha pembeni, alinyoosha shingo akasoma faili. Kulikuwa na mistari mitano ya miezi mitano, na yote ilisema kitu kimoja: Anaendelea vizuri. Hana malalamiko. Sasa ulikuwa unaandikwa wa sita. Chini ya meza, mguu wa kulia wa Mzee Gregori uliinuka ukatikisika, ukashuka. Wa kushoto ukaupokea.

"Basi mzee, kama tulivyokubaliana, tuonane baada ya miezi sita."

Anjelina akaweka fomu mezani. Ilikuwa na nembo ya maabara, na juu kabisa, pale pa jina la mnyama, aliandika: Gregori, dume, miaka sitini na tisa. Aliijaza kwa mazoea. Alikuja kuligundua lile neno dume sasa hivi, na tayari lilikuwa limeshasomwa.

Daktari aliisoma yote, akaigeuza akatazama nyuma. "Dada, hii ni fomu ya panya."

"Ndiyo."

"Mzee huyu siyo panya."

"Angekuwa panya tungeshamtoa tangu Pasaka."

Mzee Gregori aligeuka taratibu, shingo kwanza, kisha mabega. "Anje. Umenipima na panya?"

Anjelina alitamani sakafu imfungukie. Alikuwa amemvua nguo baba yake mbele ya mtu, tena mtoto aliyemwamkia. Lakini alikuwa ameshafika katikati ya mto, na kurudi ni mbali sawasawa na kuvuka.

"Daktari, miguu yake inaungua. Mishipa ya fahamu imeharibika. Hakai sekunde saba bila kuinua mguu, nimehesabu siku kumi. Hebu angalia chini ya meza."

Daktari aliangalia. Miguu ikatulia papo hapo, imepangwa pamoja, miguu ya mwanajeshi.

"Lakini mimi nimemwuliza," alisema daktari, naye alikuwa ameumia kidogo. "Kila mwezi namwuliza. Mara tano."

"Umemsalimia mara tano. Hujamwuliza."

Daktari akautazama mstari alioandika muda huohuo, wino haujakauka.

Mzee Gregori hakuwa na habari na daktari. Alikuwa bado anamtazama binti yake, na hasira ilikuwepo usoni, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kilichokuwa kinahesabu.

"Hao panya wenu," alisema. "Mnawawekaje?"

"Kwenye bamba la moto, baba."

"Kwa muda gani?"

"Sekunde thelathini. Zikifika tunamtoa."

"Akilia."

"Hata asipolia. Hatumngoji alie. Sheria ndivyo inavyosema."

"Hata asipolia," alirudia mzee, polepole, kama anayejaribu neno la lugha ya kigeni. "Nani aliyeiweka sheria hiyo?"

"Kamati."

"Ya watu?"

"Ya watu, baba."

Mzee akaanza kucheka. Alicheka kicheko chake cha kawaida, cha kifuani, kile alichowachekea wateja wa Mwenge wakitaja bei zao, na daktari naye akajiandaa kucheka kwa heshima. Lakini kicheko kilifika mahali kikakosa njia. Masharubu yalitetemeka. Akaweka kiganja chake kikubwa chenye makovu ya patasi juu ya goti, akalikandamiza kana kwamba goti linataka kuondoka.

"Inaungua," alisema. "Inaungua, Anje. Nikiivua viatu inaungua, nikiivalisha inaungua. Shuka tu likiigusa naona nimekanyaga makaa. Nimekaa nayo nikasema labda ndiyo uzee. Nikasema nikisema, watanikata."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema siku ya kumzika mkewe. Anjelina alipaswa kumshika mkono. Badala yake alikaa vilevile, mdomo umefumbwa kwa miaka minne ya waraka wenye mhuri. Mpaka baba yake mwenyewe akamtazama, akingoja kitu ambacho mtu yeyote wa Kiwalani angekwisha kumpa tangu mlangoni.

"Pole, baba," akasema, na machozi yakamtoka. "Pole sana. Nilichelewa."

Kule Mikocheni panya walipolisikia neno hilo waliinua miguu. Mzee Gregori aliiachia yake. Aliacha kuificha, ikainuka na kushuka chini ya meza inavyotaka, na mabega yake yakashuka pamoja nayo.

Daktari Kamugisha aliukata ule mstari wa sita kwa kalamu, mara mbili. Kisha alipiga magoti sakafuni, akamvua mzee soksi, akaitazama miguu kwa muda mrefu, vidole kwa vidole, huku foleni ikigonga mlango. Alipoinuka masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

"Hatukati kitu, mzee. Kuna dawa ya mishipa hii. Haimalizi, lakini inapunguza sana."

"Inatoka wapi?" Mzee aliuliza kwa wasiwasi. "Nje?"

"Dirisha la dawa, hapo koridoni," alisema daktari, akiandika, hamtazami mtu. "Ipo siku zote."

Mzee alivaa soksi zake, akapokea cheti, akashukuru, akaombea watoto wa daktari ambaye hakuwa na watoto. Wakatoka, yeye ameegemea bega la binti yake, na mlangoni wakapishana na mama mmoja aliyekuwa akiingia amejishika kiuno, anatembea upandeupande.

Mlango haukuwahi kufungwa. Nyuma yao wakamsikia daktari, kwa sauti ya uchovu na ukarimu, "Karibu mama. Habari za leo?"

"Nzuri, daktari. Tunamshukuru Mungu."

Mzee Gregori alisimama. Alimwachia Anjelina bega, akageuka kwa miguu yake hiyohiyo inayoungua, akaingiza kichwa ndani, masharubu kwanza.

"Daktari," alisema, "mwulize tena huyo."